Nilivyovuta Internet Mezani Bila Kwenda Cyber

Mimi si mtu wa kutoka nyumbani. Kutoka kwetu Nguba hadi cyber ya mjini ni mwendo mfupi, lakini kwangu hata kufika kwenye portail, geti letu, ni safari. Kwa hiyo dada yangu mkubwa aliposhuka kutoka Bagira na karatasi zake za kuomba kazi ya ualimu, nilimzuia mlangoni.

"Yaya, usiende cyber. Nitakutumia dossier yako hapa hapa."

Fomu ilikuwa inajazwa kwenye internet, na mwisho wake ulikuwa saa sita mchana siku ile ile. Kwenye simu haikufunguka vizuri, ilitaka mashini, yaani kompyuta. Mashini ninayo. Ina Linux, niliyoiweka mwenyewe ili nionekane mjuzi, na tangu hapo hakuna mtu mtaani anayekubali kuigusa. Wi-Fi yake ilikufa zamani, na kamba ya kuiunganisha na simu ilikatika. Ilibaki njia moja: kuvuta mega, yaani data, za simu yangu kwa Bluetooth.

Nikawasha partage, ile ya kugawa internet, kwenye simu, nikaiweka mezani, nikabonyeza jina lake kwenye mashini. Ikaandika kwamba imeunganishwa. Internet, hakuna. Nikazima Bluetooth, nikaiwasha. Nikazima mashini yote. Nikaandika amri kwenye ile skrini nyeusi, kwa kujiamini kwa mtu asiyejua anachoandika. Imeunganishwa, na internet hakuna.

"Saa tano," yaya akasema. "Cyber bado iko wazi."

"Iko inakuja, yaya."

"Ulisemaka vile saa ine."

Kwetu courant, yaani umeme, ikirudi, majirani wasio nayo huleta simu zao kuchaji. Meza yangu ilikuwa na simu tano, karibu zote za aina moja, zile za bei nafuu ambazo nusu ya mtaa inazo. Maman jirani akaingia kuchukua yake, akaichomoa, akaondoka. Alipofika barabarani mashini ikaandika: simu imekatika.

Nikatazama simu yangu. Iko pale pale, mbele ya pua yangu.

"Maman, rudia kidogo!"

Akarudi. "Kuko nini tena?"

Ndipo nikakumbuka: juma lililopita nilimpa nyimbo za kwaya kwa Bluetooth, na mashini ikaishika simu yake. Jina lililokuwa kwenye skrini lilikuwa la aina ya simu tu, sawasawa na la yangu. Yangu, mashini ilikuwa haijawahi kujulishwa nayo hata siku moja. Nikawaeleza.

"Basi simu yangu ndiyo ilikuwa inazuia dossier?"

"Hapana, maman. Ni miye."

"Nilijua," yaya akasema.

Nikafuta jina lile. Simu yangu nikaibadilisha jina, nikaiita Yangu. Nikaitafuta upya, nikakubali nambari iliyotokea kwenye skrini zote mbili, kisha nikachagua kwenye mashini iitumie kama réseau ya internet. Ukurasa ukafunguka polepole, kama mtu anayeamka. Nikasimama mikono juu, nikazunguka meza. Maman jirani akapiga makofi, ingawa hakujua ya nini.

Dakika kumi kabla ya saa sita jibu likaja: dossier imepokelewa. Yaya alilisoma mara tatu, akalipiga picha, akaanza kumwandikia mume wake.

"Andika kwamba ni miye nilituma," nikamwambia.

"Nimeandika. Na kwamba ulinichelewesha."