Tanzia ya Sajini Adong

Nawaambieni hili kwa sababu Kibuli nzima inalijua tayari, na afadhali mlisikie kwangu kuliko kwa jirani yangu Mama Lamunu, ambaye akilisimulia yeye mimi hutoka mjinga maradufu: nilifiwa na mtu ambaye hajawahi kuzaliwa.

Mimi ni Mkenya niliyehamia huku, mchana nauza viatu mtaa wa Kabalagala, jioni naandika vitabu vyembamba vya hadithi na kuvichapisha Wandegeya (vile vya kubanwa kwa pini, msitarajie makubwa). Cha kwanza kilimhusu Sajini Adong, askari mpelelezi, na majirani zangu wa kambi ya polisi walikipenda mpaka nakala zikachanika kwa kuazimana. Kisha nikakaa miezi saba bila kutoa cha pili, nikaingiwa na hofu kwamba wamemsahau, na kitabu kipya kilikuwa kimeshachapwa nakala mia. Jumamosi asubuhi nikapata wazo (laiti ningeendelea kulala!), nikatuma kwenye kundi la wasomaji la simu: "TANZIA. Sajini Adong hatunaye tena. Karibuni leo nyumbani kwa mwandishi." Maana ukurasa wa kwanza wa kitabu cha pili nilikuwa nimemuua, ili wasomaji washtuke na watake kujua nani kafanya. Nikajiona mjanja, nikaenda kuoga.

Natoka bafuni nakuta wanawake watatu uani, wana kuni na ndizi za matoke, vitu vya matangani, wanalia. Mama Lamunu akanikumbatia. "Kitalo, nyabo, kitalo," akanipa pole kwa lugha ya huku, nami nikafikiri aliyefiwa ni yeye, nikalia pia nisionekane sina utu. Viti vikaletwa, turubai likafungwa kwenye kamba yangu ya nguo, na kila nikitaka kuuliza ni nani amekufa mtu ananishika mkono ananiambia nijikaze, basi najikaza. (Kumbe msomaji mmoja alikuwa ameipeleka tanzia kwenye kundi la kambi nzima, ambako wengi hawajaona hata jalada la kitabu, walichoona ni sajini mwenzao amekufa, na askari hazikwi bila wenzake.)

Akaja katekista na kitabu chake cha nyimbo, na nyuma yake mzee mmoja wa msikitini.

"Marehemu alikuwa dini gani?" mzee akauliza. "Kama ni wetu, hatuwezi ngoja kesho kumzika."

"Marehemu yupi?"

"Si huyu Sajini Adong!"

Jamani, kumbe ni Adong wangu! Mtu mwenye akili angekiri palepale, lakini mimi, kwa kuchanganyikiwa, nikaanza kulifikiria swali, kwa sababu ni kweli, Adong ni dini gani? Kitabu kizima sikuitaja.

"Sijaamua," nikasema.

"Hujaamua?" katekista akashangaa. "Na mwili iko wapi?"

"Wandegeya. Kwa mchapaji."

Msomaji mmoja akawaeleza wenzake kwamba Adong ni mtu wa kitabuni, na nikaona nyuso zikigeuka moja baada ya nyingine. Mama Lamunu alikuwa ameshamenya nusu ya matoke. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona maishani.

Aliyeniumiza zaidi ni Afande Opio, polisi mstaafu, aliyekuja amevaa kofia yake ya zamani. "Mimi nilijua huyu ni mtu ya kitabu," akasema taratibu. "Nimesoma yeye mara nne. Nilikuja kulia yeye hivyo hivyo. Sasa ulimuua ya nini? Sisi tulikuwa tunangoja tu arudi kazini."

Miezi saba nilidhani wamemsahau, kumbe walikuwa wanamsubiri.

Matoke tulikula, maana yalikuwa yameshamenywa. Zile nakala mia nilizichukua kwa mchapaji, ziko chini ya kitanda changu na hazitoki, naandika upya: Adong ameumia bega tu, na dini yake bado inanitesa, maana katekista na yule mzee kila mmoja anauliza nimefikia wapi. Naapa sitaua tena mtu ili kumshtua msomaji.

Hata nikitaka, siwezi. Mama Lamunu alikataa kuondoka na kuni zake zilizobaki siku ile, akaziegemeza kwenye ukuta wangu, karibu na dirisha ninapoandikia. "Hizi zinabaki hapa," akasema. "Siku utamuua kweli, sisi tunarudi."