Wali wa Wakwe

Chumba cha nafaka alikichagua Sukhwati mwenyewe, hakuna aliyemfukuza. Asubuhi ya pili ya harusi, wanawake walipokuwa bado wanaosha mchele kisimani, alimvuta wifi yake Ramsakhi pembeni akamwambia, "Leo nitakaa humu mpaka wageni waondoke. Ukinihitaji gonga mlango, lakini usiniite kwa jina."

"Wifi, bibi harusi wetu Vimlesh ni mtoto wako kuliko alivyo wangu," Ramsakhi akasema. "Ujifiche kama panya kwa lipi?"

"Uso wangu unajulikana kuliko barabara ya Sagar. Akinitambua mmoja tu akawanong'oneza wenzake, basi. Nenda, dengu zitaungua."

Ramsakhi akaondoka akipangusa macho kwa ushungi wake. Sukhwati akajifungia, akaketi juu ya gunia la ngano, mahali ambapo ufa wa mlango ulimwonyesha ua wote.

Katika nyumba zile za Semrakhera, mtoto wa kike akizaliwa majirani waligawiwa vitamutamu, jambo ambalo vijiji vingine vya Bundelkhand hufanya kwa mtoto wa kiume. Sababu ilijulikana. Binti ndiye aliyekuwa jembe la nyumba. Akikua angevishwa njuga, angecheza kwenye harusi za wenye mashamba, na baada ya ngoma wenye mashamba wangeijua njia ya kuja mlangoni kwake. Kaka zake wangekula, wangejenga, wangeoa. Yeye hangeolewa. Bibi yake Sukhwati aliishi hivyo, shangazi yake aliishi hivyo, na zamu yake ilipofika hakuna aliyemuuliza neno, kama mtoto wa mhunzi asivyoulizwa habari ya nyundo.

Vijiji vya jirani viliwaita kwa jina la ukoo wao, na namna walivyolitamka ilitosha kuwa tusi. Muuza chai wa njia panda alikuwa na bilauri moja aliyoiweka peke yake dirishani kwa ajili ya watu wa Semrakhera. Wanaume waliokuja kwa Sukhwati usiku hawakumjua mchana. Alizoea. Mtu huzoea hata kutembea na mwiba, akijifunza kukanyaga upande.

Kitu kimoja hakukubali kukizoea. Siku Vimlesh alipozaliwa, Sukhwati alikuwa anarudi kutoka kwenye ngoma, njuga bado ziko miguuni, akamkuta kaka yake Halke amesimama uani na sinia la vitamutamu, anacheka na majirani. Alimnyang'anya sinia lile akalimwaga mbele ya ng'ombe.

"Dada! Una wazimu?"

"Kaka, nyumba hii mimi nimeitosha," alimwambia. "Huyu hatavaa hizi. Siku utakayomvisha, mimi nitazivua zangu, na hapo tutaona utakula nini."

Halke aliinama akaokota sinia. Shati alilovaa lilinunuliwa na dada yake. Ndani, Ramsakhi, aliyekuwa bado kitandani na damu ya uzazi, alimshika wifi yake pindo la sari akalibana kifuani asitake kuliachia. Tangu siku hiyo wanawake wale wawili walisimama upande mmoja. Sukhwati alicheza mpaka magoti yakaanza kulia, na Vimlesh akasoma bwenini mjini, mbali na midomo ya jirani, mpaka akawa muuguzi.

Mjini huko alimpata Hargovind, mtoa dawa wa zahanati, kijana wa ukoo wa wafinyanzi. Vimlesh alimweleza anakotoka kabla hajaulizwa. Kijana alikwenda kwa baba yake mkubwa, Mzee Dhaniram, aliyemlea baada ya baba yake kufa. Mzee alifinyanga vyungu kwenye gurudumu lake siku kadhaa, kisha akapanda basi akaja kumtafuta Halke sokoni.

"Swali langu ni moja," alisema. "Huyo binti anaogopa punda? Kwangu punda wa kubebea udongo ni wengi kuliko watu."

Ndivyo posa ilivyofika. Na msafara wa bwana harusi ukaja kweli, na farasi na tarumbeta, ukaingia kwenye ua ambao haujawahi kupokea msafara tangu ulipojengwa. Jioni ile wageni walikula chapati za kukaanga na viazi, bibi na bwana wakauzunguka moto wa ndoa, na mambo yakapita salama.

Lakini chakula cha kukaanga si kipimo. Cha kukaanga mtu hukila popote, hata kwenye mkokoteni stendi. Kipimo ni mchana wa siku ya pili, pale wakwe wanapoandaliwa wali uliochemshwa kwa maji ya nyumba hiyo. Wali wa maji huliwa kwa jamaa tu. Mtu akiula kwako, amekuwa ndugu yako mbele ya vijiji vyote; akiuacha, binti atakwenda kuishi kwa watu walioona kinyaa kwa sufuria ya mama yake. Ndiyo sababu Sukhwati aliketi juu ya gunia jicho likiwa ufani.

Halke alikuwa amekwisha kutoa amri tangu alfajiri. "Hawa ni watu wa heshima. Leo asiimbe mtu, asicheke mtu. Mkipita mbele yao, ushungi chini na macho chini. Wasije wakasema mmeona, ndivyo walivyo." Wanawake wakatii. Hata watoto walikatazwa kukimbia.

Wageni wakaketi kwa safu juu ya mikeka, Mzee Dhaniram mwanzoni, masharubu yake meupe yamepakwa mafuta. Sahani za majani zikawekwa. Wali ukapakuliwa, ukamwagiwa dengu, mchuzi wa mtindi ukafuata, na bajia, na sukari iliyoloweshwa samli mpaka ikang'aa. Ramsakhi alipita na sufuria bila kunyanyua uso. Halke akaunganisha viganja vyake mbele ya kifua.

"Karibuni, wakwe. Karibuni mle."

Hakuna mkono uliosogea.

Wageni walitazama sahani, wakamtazama mzee. Mzee alitazama ukuta. Mvuke wa wali ulipanda, ukapungua, ukaisha. Nzi akatua kwenye bajia ya mtu, na mwenye bajia hakumfukuza.

Kutoka chumba cha pili, ambako bibi harusi alikuwa amekalishwa katika sari yake nyekundu, sauti ndogo ikapenya ukutani. "Shangazi. Uko humo? Wameanza kula?"

Sukhwati alitaka kusema ndiyo. "Bado, mwanangu. Wanapumzika."

"Watu hawapumziki mbele ya wali, shangazi."

Pale uani, Halke alisogea mbele ya mzee. Alivua kilemba chake kichwani, akapiga magoti, akakiweka miguuni pa mzee. "Mkwe, kama ni sufuria, tumenunua mpya. Kama ni mimi, nitaondoka hapa uani. Mtoto hana kosa. Tusamehe."

Mzee Dhaniram alikiangalia kilemba kama mtu aliyeletewa mbuzi wa mwenzake. "Nikusamehe nini?"

"Hamli, mkwe."

"Tule vipi?" mzee akauliza, na sasa hata yeye sauti yake ilikuwa na uchungu. "Tangu tumeketi hapa, hakuna aliyetutukana!"

Wanawake wote wakanyanyua macho.

"Nimekula harusi tangu nina meno ya utoto," mzee akaendelea. "Wali ukiwekwa, wanawake wa upande wa binti hutuimbia matusi, ndipo tunanyoosha mkono. Wanamtukana baba yangu, wanamtukana shangazi yangu, hata punda hawamwachi. Wasiponitukana maana yake hawanitaki. Nyinyi mmetupa adabu tupu kama tumekuja kukusanya kodi! Tumewakosea nini? Ni kwa sababu sisi ni wafinyanzi?"

Mgeni mmoja mnene akadakia kutoka kwenye safu, "Mimi nina njaa, jamani. Nitukaneni nile."

Halke alimgeukia mkewe. Ramsakhi akafungua mdomo, akaufunga. Nyimbo hizo angezijulia wapi? Yeye mwenyewe alichukuliwa kwao kimyakimya, na wanaume wachache waliokuja na mahari na sari wakaondoka naye kabla jua halijapanda. Wanawake wenzake walikuwa hivyohivyo. Nyimbo za kusifu wageni walizijua zote, kwa maana kuwasifu wanaume ndiko kulikowapa riziki. Kumtukana mgeni usoni, mchana, akicheka? Hapo hata mwanzo wa wimbo hawakuwa nao.

Sukhwati alikuwa nao. Miaka yote ile kwenye harusi za wenye mashamba, alipokuwa akisubiri kuitwa kucheza, aliwekwa nyuma karibu na majiko ya kupikia, kwa kuwa mle ndani hakuruhusiwa. Pale nyuma alisikia wake wa wenye nyumba wakiwatukana wakwe zao mpaka vigae vikatikisika. Nyimbo hizo alizishika zote. Hakuwahi kuziimba, maana hakuwa mwanamke wa nyumba ya mtu yeyote.

Alisimama. Akajitazama sari yake yenye vumbi la ngano. Akafungua mlango.

Uani watu waligeuka. Katika safu ya tatu kulikuwa na mzee mmoja mwenye upara ambaye Sukhwati alimjua, mmoja wa wale wa usiku. Naye alimtambua, akainamisha uso mpaka karibu uguse wali. Sukhwati akampita kwa macho, akaenda akasimama mbele ya masharubu meupe, akashika kiuno.

*"Huyu mzee wa masharubu, alizaliwa wapi?
Mama yake kampiga kichwa, kama mpigaji chungu,
Kusikia kama kimeiva, jamani, kikalia duuu!
Kakirudisha tanuruni, moto ukakikataa!"*

Mzee Dhaniram alitoa sauti kama ya mtu aliyepaliwa, kisha ikajulikana kuwa ni kicheko. Mkono wake ukashuka kwenye wali. Akafinya tonge kubwa, lenye dengu na samli, akalitia mdomoni, akatafuna macho yakimtoka machozi.

"Ehee!" akasema huku mdomo umejaa. "Sasa ndiyo tumefika kwa watu. Endelea, mkwe, usinipunguzie!"

Na safu zote zikainama kula. Sukhwati akamwendea yule mnene, akamwambia amekuja na matumbo mawili, moja kaazima kwa shemeji yake. Akamwambia bwana harusi kwamba dada zake wameolewa na punda na punda wamelalamika kwa diwani. Wanawake wa nyumba wakaanza kuitikia, kwanza kwa hofu, nyuma ya ushungi, kisha kwa sauti. Ramsakhi, ambaye hajawahi kumjibu mtu, alimtukana mpiga tarumbeta kwa maneno yake mwenyewe yaliyomshangaza hata yeye. Mwenye upara naye alipata ubeti wake, sawa na wa wenzake. Sukhwati hakumzidishia wala hakumpunguzia. Yule mzee alicheka kwa kuchelewa kidogo, akala.

Ukutani kukagongwa. "Shangazi! Wanakula?"

"Wanakula kama nzige!" Sukhwati akapaza sauti, na wageni wakashangilia kana kwamba hilo nalo ni tusi.

Miaka iliyofuata nyumba nyingine kadhaa za Semrakhera ziliozesha mabinti, na kila mara mwenye nyumba alikuja kwanza kumwomba Sukhwati aje kuwatukana wakwe. Bilauri ya dirishani kwa muuza chai iliendelea kukaa palepale. Lakini nyumba hizo ziliongezeka.

Mchana ule, wageni walipokwisha kunawa na kutafuna tambuu, Mzee Dhaniram alimwita. "Wewe ni nani wa binti?"

Sukhwati alifikiri majibu mengi. "Shangazi yake," akasema.

"Mbona tangu jana sijakuona?"

Sukhwati alipangusa vumbi la ngano kwenye sari yake. Mzee alimtazama, kisha akatazama chini, na ikaonekana ameelewa, na kwamba hana haja ya kuambiwa. Akafungua kifurushi, akatoa sari ya pamba ya rangi ya bizari. "Mke wangu ameinunua. Aliniagiza, mpe mwanamke atakayekutukana vizuri. Nilianza kudhani nitairudisha."

Katika maisha yake Sukhwati alikuwa ametupiwa vitu vingi akiwa anacheza: noti, maua, mara moja kiatu. Sari ile mzee aliiweka juu ya viganja viwili, akainama akimpa. Aliipokea kwa viganja viwili. Alitaka kushukuru, lakini lililomtoka ni, "Umwambie mkeo ana kazi, kuishi na kichwa kibichi namna hiyo."

"Anajua," mzee akasema.

Jioni Vimlesh aliondoka, akilia begani kwa mama yake na zaidi begani kwa shangazi yake, kama inavyotakiwa na kuzidi. Vumbi la magari lilipotulia, Halke alikaa kizingitini, kilemba mapajani. Dada yake alipompita alimshika mkono, akaubana, akauachia.

Jikoni, Ramsakhi alikuwa ameinama juu ya sufuria kubwa. "Wifi, wamekwangua mpaka ukoko. Hata wa kumpa kuku hakuna. Sisi tutakula nini?"

"Chapati za jana zipo?"

"Zimekuwa ngumu kama soli."

"Lete na chumvi."

Waliketi sakafuni, wakala chapati ngumu na pilipili mbichi. Sukhwati alikuwa na sari ya rangi ya bizari mapajani, na kila mara aliigusa kwa mkono usio na mafuta.

"Nikuchemshie wali mwingine?" Ramsakhi akauliza. "Mchele upo."

"Keshokutwa," Sukhwati akasema. "Acha kwanza niitazame hii sufuria ilivyo tupu."