Mstari Ambao Dani Hakuukandika

Saa tisa na dakika kumi alasiri, picha iliingia kwenye simu yangu. Binti yangu, anayesoma katika mji mmoja wa Ucheki ulio kando ya mto, alikuwa ameegemea ukuta wa mawe uliochongwa alama ya mafuriko ya zamani. Alama ilikuwa juu ya kichwa chake. "Baba, hata sijaifikia!" aliandika.

Nikahisi harufu ya samadi mbichi. Kwetu Migori, karibu na mto, Dani, nyanya yangu, alikandika kuta kwa udongo na samadi, lakini kila mara aliacha mstari mmoja wa matope makavu. Niliamini aliuacha ili atupime kimo sisi wajukuu. Alasiri moja ya utoto wangu nilibana visigino ukutani, utosi ukagusa mstari, nikapaza sauti: "Dani, nimefika!"

Ndoo ilimponyoka. Alinivuta mkono hadi ukauma.

"Toka hapo, nyathina, mwanangu! Maji yalifika hapo. Shangazi yako alikuwa kimo chako."

Kabla ya siku hiyo sikujua kwamba niliwahi kuwa na shangazi.

Nilimpigia binti yangu. Alipokea akicheka, na sauti iliyonitoka ilikuwa ya Dani: "Toka hapo!"