Mvumo Ukutani kwa Mama Halima

Naandika haya nikiwa bado na hasira, ingawa sijui tena nimkasirikie nani. Nyumba yangu hapa Majengo, Nyeri, niliachiwa na babu, na ni kongwe kuliko barabara iliyo mbele yake. Najigamba kwamba naitunza, maana kila mwaka napaka dari yake ya mbao rangi nyeupe. Mwaka huu mvumo ukaingia, mchana kutwa, nikashindwa kuandika riwaya yangu. Ukuta wangu umepakana na chumba cha Mama Halima, fundi wa nguo. Ningemshuku nani mwingine?

Nikamwandikia mwenye nyumba wake barua ya kurasa tatu, nikitaka ahamishwe. Leo asubuhi mzee wa mtaa akaja kwangu na barua hiyo mkononi, Mama Halima nyuma yake.

"Sikilizeni," nikasema kwa uchungu. "Cherehani yake inanguruma hata sasa."

"Inaendeshwa na nani?" akauliza Mama Halima. "Mimi si niko hapa?"

"Umeiwasha ukaiacha makusudi."

"Ati nimeiwasha? Cherehani ya kukanyaga?"

Mzee akagonga dari kwa bakora. Mvumo ukapanda.

"Kijana, huko juu umewahi kuchungulia?"

Ubao mmoja, ulioshikiliwa na rangi yangu tu, ukalegea, na asali ikadondoka juu ya barua, pale pale nilipotia sahihi.

Mama Halima akaitazama, kisha akanitazama.

"Hao ni wapangaji wako," akasema. "Waandikie barua."