Kunde kwenye Kopo la Mafuta

Kila nikichambua kunde, harufu ya yale majani mabichi hunirudisha kwenye kijiji cha seng'enge ambamo askari walitukusanya wakati wa vita. Mbuzi wetu wote walikuwa wamechukuliwa.

Mama aliomba mbegu kidogo kwa jirani, akatupa mimi na mdogo wangu tuzipande kwenye kopo la mafuta ya kupikia. Maji yalikuwa ya shida, kwa hiyo Ayeeyo, bibi yetu, alitawadha juu ya lile kopo ili tone lisipotee. Alitawadha huku akinung'unika.

"Majani ni chakula cha mbuzi," alituambia. "Mimi ni mtu wa maziwa."

Mdogo wangu hakuwa na subira. Kila asubuhi alizifukua mbegu kuona kama zimeamka, kisha akazifunika tena taratibu. Hata hivyo zikaota. Ayeeyo naye, bila kuombwa na mtu, akawa anakaa kando ya kopo na fimbo yake ya kuchungia, akilisogeza kivulini kila jua lilipozidi.

Siku ya kuchuma tulimpa yeye jani la kwanza, lile laini la juu. Akaliweka kiganjani, akanyoosha mkono, akagonga ulimi kama alivyokuwa akiwaita mbuzi wake. Mkono ukabaki vile vile hewani. Mwishowe akalitia jani kinywani mwake, akatafuna polepole, macho yakiwa kwenye seng'enge.

"Kumbe," akasema, "walikuwa wanakula vizuri."