Mwosha Aliyegoma

Ukitaka kumuudhi Bi Tabia, muulize maiti fulani alikuwaje. Ameosha wanawake wa Jang'ombe miaka thelathini na halijamtoka neno. Ni mtu wa masihara, hucheka mpaka kanga inamdondoka, lakini mwosha hasemi alichokiona chini ya shuka. Hiyo ndiyo amana ya kazi yake.

Ndiyo maana mpaka leo Bi Mwatima hajaacha kumshangaa.

Asubuhi aliyofariki Nadhira, binti wa pekee wa Mwatima, mkwewe Jaku alisema mkewe ameteleza chooni. Watu wakaitikia inna lillahi, jeneza likaletwa kutoka msikitini, kaburi likaanza kuchimbwa. Nyuma ya pazia Mwatima alikishika kichwa cha mwanawe huku Bi Tabia akimimina maji. Shuka iliposogea, wote wawili wakaona alama za vidole shingoni, vinne upande huu, kimoja upande ule.

Mwatima aliinamisha macho. Mwenyewe jambo hilo halifichi. Aliwafikiria watu waliojaa barazani, akaufikiria ukoo wa Jaku, akaifikiria fedheha. Akanyamaza, naye ni mama mzazi.

Bi Tabia akaiweka kata chini.

"Siendelei," akasema. "Aitwe sheha, aje na polisi."

Jaku alisikia, akapiga kelele nje ya pazia. "Maiti hacheleweshwi, Bi Tabia! Mwosha gani wewe unayetoa siri ya maiti?"

"Aibu ya maiti nnaificha, mwanangu, na nshaficha nyingi. Hii si aibu yake. Hii ya aliyemkaba."

Wazee walimsihi. Wanawake wenziwe walimwambia amelaaniwa. Alikaa kwenye kigoda mlangoni, hakumpisha mtu mpaka polisi walipofika. Nadhira alizikwa kesho yake, baada ya daktari kumwangalia, na huko polisi Jaku mwenyewe alikiri.

Ungedhani watu wangemshukuru. Wapi! Karibu mwaka mzima hakuna nyumba iliyomwita. Eti mwosha akishafungua mdomo mara moja, hafai tena. Bi Tabia akawa anakaanga visheti vyake na kutania wapita njia, ila Mwatima alijua anaumia, maana kuosha ndiyo ibada aliyoipenda kuliko zote.

Basi Ijumaa moja Mwatima akaenda kwake na bafta nyeupe ya sanda, imekunjwa vizuri.

"Bi Tabia, siku ile niliona kama ulivyoona, nikanyamaza. Wewe si mzazi wake, ukasema. Sina cha kukulipa, Mungu akulipe kheri. Sanda yangu hii, niwekee. Siku yangu ikifika, asinioshe mtu mwengine."

Bi Tabia aliipokea kwa mikono miwili. Machozi yalimtoka, lakini masihara hayakumwacha.

"Na nikitangulia mie, shoga? Nani ataniosha, na watu wote hawa wamenisusa?"

Mwatima akavua viatu, akaketi karibu naye jamvini.

"Basi nifundishe," akasema.