Mipira Ishirini ya Anko Mutiso

Mpira wa kriketi wa Anko Mutiso ulinuka ngozi, jasho na spiriti. Aliubeba katika mfuko uleule wa koti alimoweka pamba, na hadi leo nikipita mlangoni pa kliniki, vidole vyangu hujikunja vyenyewe kutafuta mshono wake. Sentensi hiyo nimeiandika mara kumi na moja. Sikufundishwa uandishi popote, najifundisha kwa kuandika na kufuta, na hofu yangu ni kwamba nikikosea hapa nitakuwa nimemdanganya tena.

Ni mdogo wake mama. Babu yangu alitoka Ukambani akaajiriwa kukata nyasi katika klabu moja ya kriketi Nairobi, na mwanawe alikulia kwenye kiwanja hicho hadi akawa mchezaji wa kutegemewa. Kazi yake ilikuwa kusimama nyuma ya mpigaji, akidaka mipira ambayo watu wengi hata hawaioni ikipita. Baadaye alisomea udaktari, na alipenda kusema kwamba mikono hiyohiyo ndiyo iliyompeleka kwenye upasuaji. Mwishoni mwa miaka ya tisini alikuwa akishona majeruhi wa vita kusini mwa Sudan, ndani ya hema. Kisha Agosti moja akaja kwetu Kitengela kupumzika. Bomu lilikuwa limeanguka karibu na hema lao. Hakuumia mahali popote, ila mkono wake wa kulia ulitetemeka hadi chai ikamwagika kwenye sahani, na sote mezani tukajifanya hatukuona.

Nilikuwa na miaka minane. Nilipewa jina la nyanya, mama yake Anko, na kwetu mtoto huheshimiwa kama mwenye jina. Basi daktari mzima, mwenye mvi za kwanza, aliniita mwaitu, yaani mama yangu. Asubuhi moja ya likizo alinipeleka nyuma ya nyumba. Siku hizo hapakuwa na ua wala ploti, ni nyasi kavu tu na udongo mweusi uliopasuka, upepo wenye vumbi la saruji kutoka Athi River, na nyumbu kwa mbali.

"Mwaitu, nirushie ishirini. Rusha kama umenikasirikia. Nikidaka zote siku tatu mfululizo, narudi kazini. Nikishindwa, naacha kisu."

Nilirusha kwa nguvu zangu zote. Alidaka minne, wa tano ukaanguka, wa sita pia. Mama Naisiae, jirani yetu, alikuwa akipita na punda wake wa maji, akasimama kutazama, akaamkua kwa Kimaasai.

"Sopa, daktari! Huo hata ndama wangu angeshika!"

"Kuja ujaribu, mama!"

"Nishike jiwe? Mimi niko na watoto wa kulea!"

Anko alicheka sana. Alipoondoka yule mama, aliuficha mkono kwapani na kicheko kikakatika. Vita sikuvielewa. Uso ule niliuelewa.

Kwa hiyo kesho yake nilirusha polepole, kama mtu anayempa mtoto mchanga chungwa. Kila alipodaka aliuliza, "Mwaitu, huo ulikuwa wa nguvu?" Nami nikajibu, "Wa nguvu." Siku tatu, mipira sitini, hakuna hata mmoja ulioanguka. Siku ya nne alifunga begi.

Alirudi kabla ya Krismasi. Nikiwa mezani na daftari la hesabu, nilimsikia akimweleza mama kwamba mkono ulikataa katikati ya upasuaji, mwenzake akapokea kisu, na kijana aliyekuwa amelazwa pale hakuamka. Mama alilia. Mimi nilimaliza hesabu zangu na zote zilikuwa sahihi. Sikusikia uchungu wala woga. Nilingoja, nikidhani vitakuja kesho.

Nyuma ya nyumba yetu sasa kuna magorofa, na nyumbu sijawaona tangu nimalize shule. Anko ana kliniki ndogo Kajiado, anapima presha na kutibu vikohozi, hapasui mtu. Nilikuwa na miaka kumi na tisa nilipokwenda kumwambia ukweli wa mipira ile. Alinisikiliza huku akikunja mkanda wa kupimia presha.

"Nilijua," alisema. "Mpira wa kriketi ukirushwa kwa nguvu, kiganja huwaka. Changu kilikuwa baridi siku zote tatu."

"Sasa ulienda kwa nini?"

"Kwa sababu ulisema niko sawa, mwaitu. Nilitaka mtu aniambie." Akatoa mpira kwenye droo, akaniwekea mkononi. "Mkono uliokataa ni wangu. Wewe ulikuwa mtoto." Kisha akamwita mgonjwa aliyefuata.

Nilitoka nje nikangoja machozi, au angalau nafuu. Hakuna kilichokuja. Nyuma ya kliniki kulikuwa na ukuta wa mawe. Niliurusha mpira kwa nguvu zangu zote, ukanirudia, nikaudaka, na kiganja kikawaka moto. Nikarusha tena. Nilihesabu hadi ishirini.